Shemeji ananiuzia cheti cha riga, foremani anataka saini yangu

SWALI

Shikamoo mzee,

Mimi ni kijana wa miaka 31, nakaa Gungu hapa Kigoma, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni kufunga mizigo ya kreni kwenye saiti za ujenzi. Nilianza kama kibarua wa kushika kamba, nikapandishwa taratibu mpaka leo mimi ndiye ninayeamua mzigo ufungwe vipi na ndiye ninayempigia opareta ishara. Sikusomea darasani. Alinifundisha mzee mmoja aliyekuwa bandarini zamani, ambaye sasa amestaafu na kurudi kwao Kasulu. Saiti wananiita riga na wanaoanza kazi wanapewa mimi niwafundishe.

Hivi karibuni tumeambiwa kwamba mkandarasi mkuu hataki tena mtu asiye na cheti asogelee kreni. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi ujao. Foremani wetu aliniita pembeni akasema yeye hana shida na mimi, ila kuna fomu inayojazwa kila asubuhi kabla ya kunyanyua, ina sehemu ya "riga mwenye sifa", na anataka niwe naisaini wakati nikiendelea kutafuta karatasi.

Hapo ndipo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaingia. Anamjua mtu Dar es Salaam anayetoa cheti cha "OSHA ya saa 30" pamoja na cheti cha riga na cha opareta wa kreni, vyote vitatu kwa shilingi 350,000. Unatuma picha na namba ya NIDA kwa WhatsApp, baada ya siku chache unavipokea kwenye basi. Anasema vinatambulika dunia nzima. Mke wangu amekataa kabisa. Yeye anauza dagaa pale Kibirizi, ameweka akiba karibu shilingi 900,000, na anasema pesa hiyo itoke kwa kusoma tu, si kwa kununua. Shemeji amechukia, anasema dada yake anadharau msaada wake.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu nyumbani. Wiki chache zilizopita tulikuwa tunanyanyua boriti ya zege, urefu mita 6, upana nusu mita, kimo sentimita 40. Tuliifunga kwa belti mbili za kijani, kila moja kwa kitanzi, umbali kati ya vitanzi kama mita tatu na nusu. Belti zilikuwa fupi, kutoka kitanzi hadi ndoano kama mita 2 tu. Boriti ilipofika usawa wa magoti belti moja ikakatika. Kijana aliyekuwa ameshika kamba akaruka, hakuumia, boriti ikapasuka. Foremani alisema belti ilikuwa mbovu na mambo yakaisha hapo. Lakini niliikagua mwenyewe asubuhi ile, sikuona tatizo.

Naomba unisaidie. Ninunue vyeti niokoe kazi kisha nisome baadaye? Kama ni kusoma, nisomee uriga au niende moja kwa moja kwenye uopareta ambao una mshahara mzuri? Na ile fomu nisaini?

Mfunga Mizigo, Gungu

JIBU

Marahaba mwanangu. Nitaanza na boriti, kwa sababu majibu ya maswali yako mengine yote yamo humo.

Piga hesabu nami. Mita 6 mara 0.5 mara 0.4 ni mita za ujazo 1.2. Zege lenye nondo lina uzito wa karibu tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo boriti yako ilikuwa na tani 3. Sasa belti ya kijani, kwa mpangilio wa rangi wa viwango vya Ulaya ambao ndio tunaouona kwenye belti nyingi, ni ya tani 2. Zambarau ni tani 1, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5. Bila shaka mlijisemea kwamba belti mbili za tani 2 ni tani 4, boriti ni tani 3, basi tumebakiza. Hesabu hiyo inafanywa kila siku kuanzia Kigoma hadi Tanga, na ni sahihi pale tu belti zote mbili zinapokuwa zimesimama wima.

Zako hazikuwa wima. Belti za mita 2 kwa vitanzi vilivyoachana mita tatu na nusu zinalala mpaka zinabaki na nyuzi 30 hivi kutoka usawa wa boriti. Kwenye nyuzi 30, kila belti inavutwa kwa nguvu sawa na uzito wote wa mzigo. Si nusu. Kila mguu, yaani kila belti, ulikuwa unabeba tani 3, na kupita kidogo. Belti zikilala hivyo zinavutana zenyewe kwa zenyewe kuelekea katikati, na nguvu hiyo boriti haiihitaji lakini belti inailipia.

Halafu kuna kitanzi. Belti ikifungwa kwa kitanzi hupoteza karibu moja ya tano ya uwezo wake, maana inajikunja na kujibana pale inapojipita. Belti yako ya tani 2 ikawa ya tani 1.6. Tani 1.6 ikabebeshwa 3.

Sasa nikuambie kitu ambacho huenda foremani wako hakukifikiria. Belti nzuri za nyuzi za kiwandani hutengenezwa zikiwa na ziada ya mara 7 kabla ya kukatika. Belti nzima ya kijani isingekatika kwa tani 3, hata ikiwa imefungwa kitanzi. Ingekuwa imezidishiwa, ingekuwa imeumia, lakini ingeshika. Kwa hiyo kitu kiliikata, na kwenye boriti ya zege kitu hicho huwa ni kona. Umenieleza urefu, upana, kimo, rangi ya belti, hata umbali wa vitanzi, lakini hujataja mahali popote kwamba mliweka kitambaa kizito, kipande cha tairi au mbao kati ya belti na kona ya zege. Belti inayovutwa kupita kiasi juu ya kona kali haihitaji kuwa mbovu asubuhi. Inakuwa mbovu palepale ikiwa hewani, na ukaguzi wako wa asubuhi ungekuwa wa kweli kabisa.

Njia ya kujua pembe bila kifaa ni hii: pima umbali kati ya sehemu mbili unazofunga. Urefu wa kila belti, kutoka kitanzi hadi ndoano, usiwe mfupi kuliko umbali huo. Ukilingana nao, una pembetatu ya pande sawa, yaani nyuzi 60, na kwa boriti yako kila mguu ungebeba tani 1.73. Utaona kwamba hata hapo kijani yenye kitanzi, tani 1.6, isingetosha. Mlihitaji njano, ambayo kwa kitanzi inabaki na 2.4, tena yenye urefu wa kutosha, tena na kinga kwenye kona.

Nimeyaeleza haya kwa urefu si kukuumbua. Mzee wa Kasulu alikupa mikono na macho, na vitu hivyo chuo huwa kinahangaika kuvitoa. Usichokuwa nacho ni hesabu hii, na ndiyo inayouzwa kwenye mafunzo ya kweli. Muuzaji wa Dar es Salaam angekuletea karatasi tatu kwenye basi na bado ungefunga boriti ile ile kwa belti zile zile.

Tuje kwenye hizo karatasi tatu. "OSHA ya saa 30" ipo kweli, lakini ni ya Marekani. Ni programu ya kuwapa wafanyakazi na wasimamizi uelewa wa jumla wa hatari za kazini, na shirika lenyewe la kule linasema wazi kwamba kadi yake si uthibitisho wa ujuzi wa mtu. OSHA ya kwetu, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ni taasisi nyingine kabisa yenye sheria yake, Sheria Namba 5 ya mwaka 2003. Herufi ni zile zile, na vishoka wanazipenda kwa sababu hiyo. Hata huko Marekani kwenyewe kadi ya saa 30 haimpandishi mtu kwenye kreni: kanuni yao ya kreni za ujenzi ya mwaka 2010 inataka riga na mpiga ishara wawe wamethibitika kuweza kazi hiyo, na tangu Novemba 2018 opareta lazima awe na cheti maalumu cha aina ya kreni anayoendesha. Cheti kinachotolewa na chombo chao kikubwa cha mambo hayo, NCCCO, hudumu miaka 5 kisha mtu anapimwa tena. Nani atakuamini kwamba ulipimwa uopareta kwa WhatsApp?

Kutumia hati ya kughushi ni kosa la jinai kwa sheria yetu ya adhabu, na hilo unalijua. Watanzania tulishuhudia mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 wakiondolewa baada ya uhakiki wa vyeti, na wengine walikuwa wametumikia vizuri miaka mingi. Lakini mimi naogopa zaidi kitu kingine. Siku boriti nyingine itakapomwangukia yule kijana wa kamba, wachunguzi watauliza nani alikuwa riga mwenye sifa. Ukiwa kibarua mzoefu ambaye mwajiri hakumfundisha, swali linamwendea mwajiri, maana sheria ya 2003 inamtwisha yeye wajibu wa kuwapa wafanyakazi maelekezo na mafunzo. Ukiwa umewasilisha cheti, mwajiri atasema alidanganywa, na kila kidole kitakugeukia wewe.

Fomu nayo ni hivyo hivyo. Usisaini. Najua si rahisi kumwambia foremani hivyo, hasa anayekupenda, na Kigoma kazi za kreni si nyingi kama za kubeba mihogo. Usimgombeze. Mwambie kwa heshima: "Bosi, mzigo nitafunga chini ya mtu mwenye cheti, lakini sehemu ile asaini yeye. Mimi nikisaini na sina sifa, fomu nzima ni batili, na wewe ndiye uliyeipokea." Sentensi ya mwisho isemwe polepole. Maforemani wengi hawaombi saini kwa ubaya, wanaomba kwa sababu boksi lipo na lazima lijazwe, na huwa hawajafikiria kwamba nao wamo ndani yake. Akikataa, muulize ofisa usalama wa mkandarasi mkuu mbele yake. Mkandarasi aliyeweka masharti ya vyeti ana ofisa usalama, na ofisa huyo hatafurahi kusikia kuna saini za kubuni.

Wakati uko hapo, muulize foremani swali jingine: kreni yenyewe, shakeli (zile pingu za chuma za kuunganishia), cheni na belti vimekaguliwa lini, na ripoti iko wapi? Vijana wengi wanachanganya mambo. Kuna cheti cha mtu, na kuna ukaguzi wa mtambo na vifaa vyake ambao unafanywa na wakaguzi wa OSHA. Saiti inaweza kuwa na riga mwenye cheti kinachong'aa na belti zisizo na lebo. Belti isiyo na lebo inayosomeka, hata ikiwa mpya machoni, iweke kando. Hujui ni ya tani ngapi, na rangi peke yake haitoshi kuamini.

Uriga au uopareta? Najua opareta analipwa zaidi na anakaa kwenye kiti. Lakini kwa hali yako ningeanza na uriga na upiga ishara. Sababu ya kwanza ni pesa, kwani laki tisa ni za mkeo na mafunzo ya mtambo hugharimu zaidi, kwa kuwa mtambo unakula mafuta. Sababu ya pili ni kwamba uzoefu wako upo upande huo, na darasani utakuwa unapanga unachokijua tayari badala ya kuanza sifuri. Tena opareta mzuri ni yule aliyewahi kusimama chini. Kreni iliyoandikwa tani 25 inabeba tani 25 mzigo ukiwa karibu kabisa nayo, kama mita 3 kutoka katikati ya mzunguko wake. Ukisogeza mzigo mbali hadi mita 20 zinabaki tani chache tu, na anayelijua hilo kutoka kwenye jedwali la uwezo wa kreni bila kulijua kutoka ardhini huwa anajisahau. Malizia uriga, fanya kazi, kisha rudi kwa uopareta, hapo ukikumbuka kwamba kreni ya magurudumu inayopita barabarani inahitaji pia leseni ya udereva ya daraja linalohusika.

Mahali pa kusoma. Anza VETA Kigoma, ipo mjini, nauli haitakuumiza. Usiende kuuliza kozi ya kreni tu, maana si kila chuo cha VETA kina mtambo. Uliza pia kuhusu mpango wao wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao mtu aliyejifunza kazini anapimwa kwa nadharia na vitendo, anaonyeshwa mapungufu yake, kisha anapewa cheti akifaulu. Ulizia kama fani yako imo na mzunguko ujao wa upimaji ni lini. Wakikuambia haimo, kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo Dar es Salaam, na Chuo cha Bandari, navyo hufundisha waendeshaji wa mitambo ya kunyanyulia. Hapo ujiandae na nauli ya treni na mahali pa kulala. Jambo ambalo vijana hawalifanyi ni kwenda kwanza kwa huyo ofisa usalama wa mkandarasi mkuu na kumuuliza: "Cheti cha chuo gani mnakikubali hapa?" Muombe aandike, hata kwa ujumbe wa simu. Kuna watu wamesoma kozi halali kabisa wakakuta saiti yao inataka ya chuo kingine.

Muombe ofisa huyo huyo pia kitu cha pili. Mradi mkubwa ukiwa na vibarua kumi wanaohitaji cheti, ni nafuu zaidi kumleta mkufunzi saitini kuliko kuwapeleka watu kumi Dar es Salaam. Shikamaneni mpeleke ombi hilo kwa pamoja, kwa maandishi, mkieleza kwamba tarehe waliyoweka ni fupi na kwamba mko tayari kuchangia kiasi fulani. Wakandarasi wengi wakiona orodha ya majina yenye saini wanapiga simu chuoni, kwa sababu kubadilisha wafungaji wote wa mizigo katikati ya mradi kunawagharimu kuliko mkufunzi wa wiki moja. Huku kwetu reli mpya ya kisasa ya kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita zaidi ya 500, ina madaraja na mihimili ya kutosha kuwapa wafunga mizigo wenye hesabu kazi kwa muda mrefu. Na Kigoma si wageni wa kazi hii: meli ya Liemba ililetwa hapa vipande vipande ndani ya makasha elfu tano, ikaunganishwa hapa hapa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kila kipande kuna mtu alikifunga.

Na shemeji yako. Usimwambie kwamba ni tapeli, hata kama anayemtegemea ndiye. Huenda anaamini kweli anawasaidia, au ana kamisheni yake ndogo na anaona aibu kuitaja. Usimwache mkeo agombane na kaka yake peke yake kwa jambo ambalo ni la kazi yako. Nenda mwenyewe, ukanywe naye chai, umwambie kwamba mkandarasi anavihakiki vyeti kwa kupiga simu chuoni na wewe huwezi kuingia kwenye hatari hiyo ukiwa na watoto wawili. Muombe badala yake msaada wa kweli: kama ukienda Dar es Salaam kusoma, akupokee na akupe mahali pa kulala wiki hizo. Shemeji aliyekasirika kwa kudharauliwa huwa anatulia akipewa kazi ya heshima. Namba yako ya NIDA, hata hivyo, usimtumie yule mtu wake kwa sababu yoyote ile.

Mweleze mkeo pia kuhusu ile boriti, kwa sababu yeye ndiye anayetoa pesa na anastahili kujua anazitoa kwa ajili ya nini.

Kabla hujalipa shilingi popote, uliza haya: nani anatoa cheti na amesajiliwa wapi, kuna mtihani wa vitendo au wa karatasi tu, mtambo watakaotumia ni upi na kama unafanya kazi, nadharia inagusa pembe za belti, jedwali la uwezo wa kreni na ishara za mikono, cheti kinaisha lini, na mwajiri akitaka kukihakiki apige namba ipi. Namba hiyo ipige wewe mwenyewe kwanza, ukiwa bado na pesa mfukoni. Wakikujibu kwamba mafunzo ni siku moja, vitendo mtaangalia kwenye video, na cheti kinatolewa saa tisa baada ya chakula, washukuru, uende Kibirizi ukamrudishie mkeo hela yake.